Nilimtoa Mbioni Mtoto Niliyemnyonyesha

Nna miaka arubaini na tatu, nakaa Hamriya hapa Maskati, na mtoto wa kumzaa sina. Nilijaaliwa mmoja tu, wa kike, akafariki hata arubaini yake haijatimia. Yarabi! Maziwa yananimwagika na mtoto hayupo...

Wiki ileile shoga yangu Salma, niliyesoma naye tangu skuli, alijifungua Raya, akaugua hajiwezi. Nikamchukua Raya nikamnyonyesha mpaka akaacha ziwa. Kwetu hilo si jambo dogo, basi keshakuwa mwanangu. Amekua akiniita Mama Hamriya, na kila Ijumaa chakula cha mchana hula kwangu.

Raya alipopenda mbio za kuteleza kwenye barafu, mimi na Salma tukawa hatubanduki uwanjani. Mwisho tukajiandikisha mafunzo ya uamuzi wa mbio hizo. Nilisoma, nyie! Nani kamziba mwenziwe njia, nani kasukuma, nani katangulia kuondoka... Mkufunzi wetu, mgeni kutoka Ulaya, hakuchoka kutwambia kuwa mwamuzi hana mtoto kwenye barafu.

Siku ya mtihani kila mmoja wetu alipewa mbio aziamue. Zangu zilikuwa za kuchagua timu ya wasichana, na Raya yumo. Mkufunzi akaniuliza kama nna jamaa yangu anayeshindana. Sijafungua mdomo, Salma akanifinya. "Shoga, nyamaza! Mambo ya kunyonyesha huyu atayajulia wapi?"

Nikajibu sina.

Kumbe alinitaka mle ndani nimlinde mwanawe!

Kwenye kona ya mwisho Raya alimsukuma mwenziwe kwa mkono. Mtoto wa watu akateleza kifudifudi mpaka kwenye magodoro ya ukutani. Nimeona kwa macho yangu, ningefanyaje? Moyo ulinipasuka... lakini nilimtoa Raya.

Salma akapanda mori. Mbele ya watu wote akapiga kelele kuwa mimi ni mama wa kunyonya wa Raya, na kuwa nimeficha. Shoga yangu huyo! Mkufunzi akaniuliza, nikakiri. Akasema uamuzi wangu huenda ulikuwa sawa, lakini aliyeficha nani atamwamini? Cheti nikanyimwa, mbio zikarudiwa, Raya akaingia timu.

Cheti? Kipotelee mbali! Lililonimaliza ni lile Salma alilomwambia mtoto... ati nimemtoa kwa husuda, kwa sababu wangu alikufa na wake yu hai. Hivi mtu na akili zake anamwambia mtoto maneno hayo?

Ijumaa ile niliweka sahani ya Raya, nikangoja mpaka wali ukapoa. Na Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Simu hapokei. Mwisho nikakutana naye dukani, hapahapa Hamriya. Nikamkunjulia mikono. Akarudi nyuma, akainamisha macho.

"Shikamoo, mwamuzi."

Wallahi, mimi niliyezoea kuitwa Mama Hamriya!

Wenzangu mnaosomea kazi hii, nakuombeni... ukiulizwa jamaa, sema! Awe wa damu, awe wa ndoa, awe wa kunyonya, mtaje na ukae pembeni, hata shoga akufinye mpaka utoke damu. Ningesema neno moja tu siku ile, mwengine angemtoa Raya, na mimi ningekuwa nje ya barafu nikimfuta machozi.

Sasa nimefiwa mara ya pili, na mtoto mwenyewe yu hai.