Kioo Kilichotaka Jina

Jua lilikuwa linazama ndani ya vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, pale Pokuaa alipovuka barabara kwenda kuazima waya. Waya tu, ule wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kioo chake. Kaka yake, Opoku, alikuwa ameapa kwamba tatizo ni waya. Mchana alikuwa ameapa kwamba tatizo ni umeme. Asubuhi alikuwa ameapa kwamba hakuna tatizo lolote.

Duka la Pokuaa lilikuwa Asafo, mjini Kumasi, na kazi yake ilikuwa mabango ya misiba. Mtu akifa, watu wake huja na picha yake na majina ya wafiwa, naye huwapangia bango la kubandika ukutani, marehemu amevaa kente, vazi la heshima, mawingu nyuma yake, na uso umesafishwa mpaka hata mjane wake anasita kumtambua. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua. Opoku akajitolea kuunda mpya kwa mkono wake, kipande kwa kipande, kwa vitu vilivyotumika alivyovichagua kwa wauza chakavu wa Accra. Alikuwa mtu wa kujitolea sana, Opoku. Kumaliza ndiko kulikomshinda. Na ukoo mmoja ulikuwa unasubiri bango la mzee wao, maziko Jumamosi.

Pokuaa aliporudi na waya alimkuta binti yake amekaa mbele ya kioo cheusi, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha.

"Sumina, toka hapo."

Mtoto akatoka, lakini kinyumenyume, macho yake hayakuacha kile kioo.

Sumina, kwa lugha ya kule, maana yake ni jalala. Walimwita hivyo makusudi. Pokuaa alikuwa amezaa watatu kabla yake, na wote watatu walikwenda, hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka sita. Alipozaliwa huyu wa nne, bibi yake akasema kama kifo kinapenda vizuri, basi sisi tutakionyesha kibaya. Siku ya nane wakamlaza jalalani juu ya jani la mgomba. Jirani akapita, akajifanya ameokota takataka, akawaletea nyumbani. Wakamchanja mashavuni. Wakamvisha matambara hata sikukuu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsifu, na hakupigwa picha hata siku moja, binti wa mwenye duka la picha. Jina lake la kweli, jina zuri ambalo halitaandikwa hapa, mjomba wake Opoku alilinong'ona mara moja siku ile ya nane, kwa kuwa ndiyo kazi ya mjomba. Walilisikia watu watatu tu, mjomba mwenyewe, mama na bibi. Mtoto hakuambiwa.

Alikuwa amebakiza kidogo sana afikishe sita. Pokuaa alikuwa halali vizuri.

Opoku akachomeka waya ulioazimwa, akabonyeza. Feni zikazunguka. Taa za buluu zikawaka ndani ya boksi kama baa ya mjini. Kila kitu kilikuwa hai isipokuwa kioo, ambacho kiliandika maneno yale yale ya tangu asubuhi, kwamba hakuna mawimbi yanayoingia, ndani ya kisanduku kidogo kilichoelea kutoka pembe hii hadi pembe ile. Kisha kikawa cheusi. Na ndani ya boksi mlio ukalia. Mmoja mrefu, miwili mifupi.

Tiiiii... ti, ti.

"Inaongea," Opoku akasema. "Mlio huo unamaanisha kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo."

"Mwenzako anaongea tangu asubuhi, wewe bado unatafuta cha kumjibu."

Opoku akasema dada yake ana mdomo wa kufukuza wateja. Dada yake akasema wateja wake wote ni maiti, hawakimbii. Wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mwisho siku ile.

Akarudi kazini. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, akavirudisha kimoja kimoja. Tiiiii... ti, ti. Akatoa kibetri bapa cha saa, akakaa, akakirudisha. Tiiiii... ti, ti. Akahamisha waya tundu hadi tundu, maana wapo mafundi wanaochomeka tundu la ubao badala ya tundu la kadi kisha wakamlaumu shetani. Akabeba kioo mpaka kwa jirani, kikawaka vizuri tu. Akakirudisha dukani.

Cheusi.

Mwishowe akaichomoa kadi yenyewe, na harufu ikatoka. Haikuwa ya kuungua, wala ya vumbi...

Ilikuwa poda ya mtoto mchanga.

Pokuaa aliijua. Ukizika watatu huwezi kuisahau harufu hiyo. Akauliza kwa sauti ndogo kadi ile imetoka wapi. Opoku akajikuna. Akasema muuzaji mwenyewe alishangaa. Mwanamke mmoja aliileta imefungwa kwenye mbeleko, akaiweka mezani, hakutaka hata kulipwa. Akaenda zake.

"Na wewe ukaichukua?"

"Ilikuwa nzima, dada. Kadi nzuri hiyo."

"Mama," mtoto akasema nyuma yao. "Wamesogea."

Hawakuwa wamemsikia akirudi. Alikuwa amesimama pale pale mbele ya kioo, kidole kimenyooka.

"Nani wamesogea?"

"Hao."

Pokuaa akatazama. Kioo kilichozimika ni kioo tu, humwonyesha mtu aliye mbele yake, na ndivyo alivyojiambia. Akajiona mwenyewe na kitambaa chake cha kichwa. Akamwona Opoku na bisibisi yake. Akamwona Sumina. Akaona mlango, na mwanga mwekundu wa vumbi nje. Akahesabu vichwa. Akahesabu tena.

Vichwa vilikuwa vingi kuliko watu.

Vidogo. Vimejipanga kwenye usawa wa bega la Sumina, kimya, kama watoto wanaongoja mwenzao amalize kula ili watoke wakacheze.

Alipogeuka nyuma hapakuwa na kitu. Karatasi, gundi, mabango ya wiki iliyopita.

Akachuchumaa karibu na sikio la mtoto. "Wanasema nini?"

"Wanauliza jina langu."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia Sumina. Wamecheka. Wanasema hilo si jina la mtu."

Pokuaa akamshika mkono, akampeleka uani kwa bibi yake aliyekuwa anakanda unga wa mahindi wa kenkey, akamwambia amweke karibu asimwachie. Kisha akarudi akamwambia Opoku aifunge kadi ile kwenye kitambaa akaitupe. Opoku akakataa, hajapata kuona mtu akitupa kadi nzima kwa sababu ya kivuli. Bango la mzee je? Mazishi Jumamosi je? Wakabishana kwa kunong'ona. Pokuaa mwenyewe hakujua ni kwa nini walikuwa wananong'ona.

Opoku akairudisha kadi mahali pake. Akawasha.

Tiiiii... ti, ti.

Ndipo likaja wazo lile. Kumasi yote hufanya hivyo. Injini ya lori ikikataa kuwaka, fundi mwenye akili zake timamu humwaga tone la pombe chini, akawaambia waliotangulia waje wanywe, wawasaidie walio hai. Dukani palikuwa na chupa ya kijani ya pombe kali, zawadi ya wateja. Opoku aliichukua nusu kwa mzaha. Pokuaa akamwambia asifanye mzaha. Yeye mwenyewe, ndiyo, yeye mama, ndiye aliyekubali. Alitaka waje wakubwa wa ukoo, wafagie chochote kilichokuwa mle ndani. "Mwage vizuri," akasema. "Useme kama inavyotakiwa."

Opoku akavua viatu. Akachomoa waya wa umeme wa kioo ili kisanduku kile cha maneno kisimsumbue macho, akabaki ameushika mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akamwaga. Sakafu ikanywa. Akaiita ardhi. Akawaita babu zake, mmoja mmoja. Akaomba mashine hii iwe ya riziki. Akaomba nyumba ilindwe. Na katika kuombea nyumba, mjomba hutaja walio ndani yake, na hataji majina ya utani, kwa sababu wazee wa kule walikokwenda hawamjui mtu anayeitwa jalala. Ulimi wake ukafuata njia iliyofundishwa tangu utotoni. Akamtaja mama yake. Akamtaja dada yake.

Pokuaa aliuona mdomo wa kaka yake ukifunguka kwa jina la tatu. Akanyoosha mkono auzibe.

Akachelewa.

Mlio ukakatika katikati.

Kioo kikawaka.

Waya bado ulikuwa mkononi mwa Opoku.

Lilikuwa bango. Mawingu, maua pembeni, herufi za dhahabu, kila kitu kama Pokuaa anavyopanga, mpaka kosa lake dogo la kuacha nafasi kubwa juu. Katikati palikuwa na msichana aliyevaa kente, mashavu laini yasiyo na chale, anacheka. Mtoto asiyewahi kupigwa picha. Chini yake lilikuwa jina, limeandikwa sawasawa. Mahali pa kuandika wafiwa paliandikwa wenyeji wa kumpokea. Na wenyeji walikuwa watatu, Pokuaa hakuhitaji kuwasoma mara mbili, kwa kuwa alikuwepo siku walipopewa majina yao.

Kisha, kutoka uani, sauti ya mtoto. Nyepesi, yenye furaha, ya mtu aliyeitwa na rafiki.

"Naam!"

Kioo kikazimika.

Bibi akaingia mikono imejaa unga, mjukuu kambeba kiunoni mzimamzima kama gunia. "Nani kamwita huyu?" akauliza. "Hakuna aliyemwita. Nani kamwita?" Akaiona chupa, akaiona sakafu iliyolowa, akamtazama mwanawe. Opoku akakalia kibao, akaficha uso.

Usiku ule watu wazima watatu walikaa wamemzunguka mtoto. Bibi ndiye aliyesema, kwa mnong'ono, akitazama miguu yake. Kwao mtoto mdogo akifa hafanyiwi msiba. Huzikwa upesi, mama hukatazwa kulia, hupikiwa supu ya mawese ale asahau. Hakuna ngoma, hakuna nguo nyekundu, hakuna bango. Labda wale watatu wamechoka kusimama nje. Labda wamejifunza kazi ya mama yao. Au labda si wao kabisa, ni kitu kingine kilichojua kuvaa sura zao. "Msiniulize," akasema. "Mimi niliwazika kama nilivyoambiwa nizike."

Kulipokucha Opoku aliivunja kadi ile kwa nyundo, akaichoma. Akaweka nyingine, ya kawaida, na mashine ikawaka papo hapo kama haijawahi kuwa na ugonjwa. Bango la mzee likatoka. Watu wakalisifu.

Mtoto hakupata homa. Anakula, anaruka kamba, chale zake zipo pale pale mashavuni. Ukimtazama kwa mbali utasema hakuna kilichotokea.

Ila haitiki tena Sumina. Mwite mara kumi, anakutazama kama unamwita mtu aliye nyuma yake. Si ukaidi, Pokuaa alimchapa kujua, na mtoto akalia kwa mshangao wa kweli. Mganga mmoja mwanamke waliyempelekea aliwaambia jina lile zuri wasilitamke tena hata kwa kunong'ona, kila kinywa kinacholitaja kinapanua njia. Akakataa kumgusa mtoto. Akawaomba waondoke kabla giza halijaingia. Kwa hiyo jina moja halisikilizwi, na jingine halitamkiki. Mama huyo hana neno la kumwita mwanawe. Akimhitaji, humfuata kwa miguu mpaka alipo, akamshika.

Jumatatu iliyopita, wakati wa kufunga duka, Pokuaa alitoka kumtafuta. Bado siku chache afikishe sita. Akamkuta kichochoroni nyuma ya duka la fundi redio, anacheza mawe na watoto wa jirani. Kabla hajamfikia, mtoto akainua kichwa. Wenzake hawakuinua. Akatazama upande ambako kichochoro hakina mlango wala mtu, akatabasamu, akasema naam, akasimama akapangusa magoti.

Pokuaa alikimbia. Akaukamata mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kunyooka mbele, hewani, vidole vimekunjwa kama vimeshika vidole vingine.

Pokuaa akavuta.

Na upande wa pili nao wakavuta... taratibu, bila hasira, kama watoto wanaocheza.