Mtambo Ulisema Mama Yupo Nyumbani

Birika liliwaka lenyewe mbele ya macho yangu.

Jikoni hakukuwa na mtu. Nyumba nzima haikuwa na mtu!

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaitoa, nikasoma: "Birika limewashwa. Mama anachemsha chai."

Jamani... mama yupi?

Nyuma yangu alikuwa amesimama mteja wangu, mwanamama mwenye duka la vioo, niliyekuja naye nyumbani kwa mama yangu ili aone kazi ya mikono yangu. Akanitazama mimi. Akalitazama birika. Akanitazama tena.

"Fundi, mama yako yuko wapi?"

"Atakuwa chumbani."

"Chumbani si tumetoka sasa hivi?"

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, vitu vinavyojiwasha vyenyewe kwenye nyumba tupu mimi siviwezi. Kila la heri."

Akabeba mkoba wake, huyooo! Visigino vyake nilivisikia mpaka getini, havikupumzika hata hatua moja.

Sasa ngoja niwaeleze vizuri, maana nawajua, mtaanza kusema ni majini.

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya nyumbani. Taa, feni, redio, birika, vyote naviunganisha kwenye kompyuta moja ndogo, halafu mwenye nyumba anaviendesha kwa simu hata akiwa safarini. Baba alipotutoka, mama alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Kuhamia kwangu akakataa katakata. Alisema yeye si kabati la kuhamishwa hamishwa.

Basi miezi mitatu iliyopita nikamfungia mtambo. Kompyuta nikaiweka kwenye kabati la ukutani, pembeni ya mita ya umeme. Chochote kikiwaka, ujumbe unaingia kwenye grupu letu la familia. "Taa ya chumbani imewaka. Mama ameamka." "Redio imewashwa. Mama anasikiliza habari." Sisi tunajibu na vimoyo. Maisha yanaendelea.

Nilijiona mtoto bora kuliko wote duniani, msinicheke.

Mdogo wangu wa kike ndiye anayeishi karibu na mama, nusu saa tu. Zamani alikuwa anakwenda kila baada ya siku mbili. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: "Acha kujichosha, mtambo utatuambia."

Shikilieni hapo. Turudi jikoni.

Nililizima birika, nikalifunua. Maji yalibaki kidogo sana chini, kuta zake zimeganda chokaa nyeupe. Nikafungua friji. Nyanya zimeota ukungu. Maziwa yameganda.



Nikarudi chumbani, safari hii kwa macho ya mpelelezi. Kitanda hakijatandikwa. Mama yangu mimi aache kitanda hakijatandikwa? Haijawahi kutokea! Miwani yake ipo juu ya meza, ina vumbi. Bila ile miwani mama hamtofautishi mbuzi na kiti. Simu yake, kitochi chake kile, nikaikuta chini ya mto imezima.

Nikakumbuka kwamba Jumatatu nilimpigia, hakupatikana. Nilitaka kupiga tena. Kabla sijabonyeza, ukaingia ujumbe: "Taa ya sebuleni imewaka." Nikasema aah, yupo, nikarudi kwenye mambo yangu.

Nikaenda bafuni.

Komeo limeng'olewa! Skrubu zimesambaa sakafuni. Ndoo imepinduka. Na pembeni ya ndoo kuna kandambili moja.

Moja tu.

Mtu alikuwa amevunja mlango wa bafu mama akiwa ndani. Na tangu siku hiyo kuna mtu anawasha taa, anawasha redio, anawasha birika, ili sisi tuendelee kutuma vimoyo.

Nani?

Neno la siri la mtambo ule tunalo watu wawili duniani. Mimi... na mdogo wangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yake ya mwezi uliopita. "Kaka, mume wangu anasema ile nyumba ni kubwa mno kwa mama peke yake. Kwa nini tusiipangishe, mama aje kwangu?" Nilimjibu vibaya siku ile. Tukanuniana wiki nzima.

Nikampigia. Nikalegeza sauti makusudi, nimpime.

"Mdogo wangu, mama hajambo?"

"Hajambo. Si anachemsha chai? Nimeona meseji sasa hivi."

"Umemwona lini kwa macho yako?"

"Nani, mama?"

"Hujanisikia?"

"Kwani vipi, Kaka?"

"Nakuuliza umemwona lini!"

"Wiki... wiki iliyopita. Au ile nyingine. Mbona unanitisha?"

Mnaona? Mtu asiye na hatia anababaika hivyo? Nikasema kimoyomoyo, leo nimekunasa.

"Njoo kwa mama sasa hivi. Njoo na mumeo."

Nikakata. Wakati nawasubiri nilipiga picha kila kitu. Nyanya, miwani, komeo, kandambili. Niligusa vitu kwa ncha ya kalamu ili nisiharibu alama za vidole. Nilishaona mpaka nitakavyosimama mahakamani.

Wakafika wote wawili wakihema. Shemeji yangu ni seremala. Badala ya kunisalimia akapita moja kwa moja mpaka bafuni, akainama kwenye mlango.

"Huu umesukumwa kutoka nje," akasema. "Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani."

"Umejuaje?"

"Shemeji, hii ni milango. Ndiyo kazi yangu."

"Au umejua kwa sababu ulikuwepo?"

Akageuka taratibu.

"Unasemaje?"

"Kaka, mama yuko wapi?" Mdogo wangu alikuwa ameshika ile kandambili. "Kaka... mama yuko wapi?"

"Nyinyi ndio mniambie! Mlitaka nyumba, sasa mmeipata! Mmempeleka wapi mama yangu? Mmemuua?"

Nilisema. Yalinitoka, na neno likishatoka halirudi mdomoni. Mdogo wangu aliteleza ukutani mpaka akakaa chini sakafuni.

"Mama yako," akasema. "Na mimi wangu ni nani?"

Shemeji alikunja ngumi, nikaona kabisa leo napigwa. Lakini akaikunjua, akasema kwa sauti ya chini sana:

"Huo mtambo wako hauandiki nani kawasha nini?"

"Unaandika! Kila kitu kimo kwenye kumbukumbu. Na leo tunaifungua mbele yenu, mtaumbuka!"

Nikafungua kabati la ukutani. Nikawasha kioo cha kompyuta, nikaweka neno la siri, nikatafuta birika la saa kumi leo. Nikabonyeza pale palipoandikwa "Aliyeamuru."

Nikasoma.

Nikasoma tena.

"Soma kwa sauti," shemeji akasema.

Akanisogeza pembeni kwa bega, akasoma yeye:

"Ratiba, Wenyewe Wapo. Imewekwa na Fundi Mkuu." Akanitazama. "Fundi Mkuu ndiyo nani?"

Fundi Mkuu ni mimi, ndugu zangu.

"Wenyewe Wapo" ni ratiba tunayowawekea wateja wanaosafiri. Inawasha taa asubuhi, birika, redio saa tano, birika tena jioni, ikisogeza saa dakika chache mbele au nyuma ili mwizi akiwa nje aamini kuna watu ndani. Siku ya kufunga mtambo niliiwasha ili niwaonyeshe familia. Mama alipiga makofi. Tukala, tukacheka, nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka.

Sikuizima.

Miezi mitatu! Hakuna hata ujumbe mmoja uliomhusu mama. Vimoyo vyote vile tulikuwa tunaitumia ratiba ya kudanganyia wezi.

Na kama hakuna aliyekuwa anaendesha huu mchezo, basi hakuna aliyekuwa anajua mama yuko wapi. Wala kama yuko hai. Nikaanza kuwaza hospitali, nikawaza mochwari, nikashika lile kabati.

"Hodi!"

Mlangoni alikuwa amesimama jirani wa mama, nesi mstaafu, mwanamke asiyecheka na mtu.

"Mmemaliza kupiga kelele? Mama yenu anataka kulala."

Mdogo wangu alipita katikati yetu kama upepo. Sijui hata kama viatu alivaa.

Mama alikuwa kwenye kochi la nesi, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka gotini, umewekwa juu ya stuli. Amekonda. Mdogo wangu alishaweka kichwa mapajani mwake, analia kama mtoto mchanga. Mimi nikasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, imekuwaje?"

"Niliteleza bafuni. Jumatano ya wiki iliyopita."

Nikahesabu. Siku tisa.

"Mbona hamkutupigia?"

"Mimi nilitaka," nesi akadakia. "Niliposikia sauti yake bafuni ilikuwa saa nane mchana. Nilifungua kwa ufunguo wa akiba alionipa, nikavunja komeo, nikampeleka hospitali. Nikamwambia tuwapigie watoto. Akanikataza."

"Kwa nini, mama?"

Mama aliuweka sawa mguu juu ya stuli. Halafu akaanza kusema taratibu, hana hata hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilianguka alfajiri. Nikajaribu kuinuka, mguu haukubali. Nikiwa pale chini nikasikia birika linachemka jikoni. Nikasema, mwanangu huyo ameamka. Maana kila asubuhi nilikuwa nakuta umeshanichemshia maji, toka huko uliko. Nikajua sasa hivi utapiga simu, hutanipata, utamtuma mdogo wako. Nikatulia. Saa tano redio ikawaka. Nikakuita. Nilikuita kwa nguvu, baba, mpaka sauti ikakauka. Si uko hapo, si umewasha redio?"

Mama alimpapasa mdogo wangu kichwani.

"Hukuja. Nikasema labda una kazi. Nikamwambia nesi asiwapigie, nijue utanitafuta lini. Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya pili nikasema kesho..."

Nikakumbuka mara ngapi mama aliniambia kwenye simu "asante kwa chai, mwanangu," nami nikadhani ananishukuru kwa kumnunulia birika.

Mdogo wangu aliinua kichwa akanitazama. Macho yamevimba. Mtu niliyemwita muuaji nusu saa iliyopita alikuwa na ukweli wote mkononi. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na ilikuwa haki yake.

Hakusema. Aliniachia mwenyewe.

Na mimi, niwaambie ukweli, nilifikiria kunyamaza. Mama anaamini kwamba kwa miezi mitatu mwanawe ameanza kila siku kwa kumchemshia maji. Ningelifunika hilo, nani angejua? Ningeomba msamaha wa kuchelewa tu, nikalia kidogo, yakaisha.

Lakini niliutazama ule mguu.

"Mama... si mimi niliyekuwa nawasha."

"Si wewe?"

"Ni kompyuta. Niliipanga siku ile moja, nikaisahau. Sikuwa nakuchemshia maji, mama. Asubuhi nilikuwa nimelala."

Mama akanitazama.

"Ina maana mimi miezi mitatu yote nilikuwa naliombea dua kabati?"

Nesi, yule asiyecheka, alipasuka. Mama naye akacheka, mabega yakamtikisika, tukacheka wote mpaka shemeji. Halafu nikaona mama hacheki tena. Bega bado linatikisika, lakini machozi yanashuka, na anayafuta kwa kiganja haraka haraka tusiyaone.

Nikapiga magoti pale sakafuni. Nilimwomba msamaha mama, nikamwomba mdogo wangu, nikamwomba shemeji. Mama alinishika kichwa. Shemeji alisema yameisha. Mdogo wangu alisema, "Nimesikia, Kaka." Hakusema amesamehe, na mimi sikumlazimisha.

Sasa mtaniuliza kama nimeng'oa mtambo. Sijaung'oa. Taa ni taa, na birika ni birika, havina kosa. Kosa ni la mtu aliyemkabidhi mama yake kwa soketi, halafu mambo yalipoharibika akatafuta mwizi kwenye sura ya mdogo wake.

Sijaandika haya ili mnionee huruma. Kuna mtu anasoma hapa, amejua mzazi wake yupo hai kwa sababu ameona alama ya kijani pembeni ya jina, au tiki mbili za bluu. Nakuambia wewe. Hiyo si sauti ya mama yako. Mpigie, msikie anavyokohoa, muulize amekula nini, akikujibu kwa kifupi muulize tena. Na kabla hujamshuku mtu wa damu yako, anza kwanza kuitazama kazi ya mikono yako mwenyewe.

Mimi niliitazama nikiwa nimeshachelewa siku tisa.