Uzi Mwekundu wa Fundi Lazhar

Ndugu zangu wa Tabarka, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, nyumba ninayoisema ipo nyuma ya bandari, ina mlango wa buluu na harufu ya siki. Niliolewa humo miaka sita iliyopita, na mwanzoni nilikula mkate wangu kwa raha.

Kila asubuhi baba mkwe wangu, Fundi Lazhar, alikaa kwenye benchi lake na vipumulio vya zamani vya wapiga mbizi, vile vyenye mabomba mawili ya mpira yanayopita kila upande wa shingo. Vilimfikia vimeota kutu ya kijani. Mimi nililoweka shaba kwenye siki na kuisugua kwa mswaki. Yeye aliutoa utando wa ndani uliooza, akaweka mpya wa silikoni, kisha akaongeza vali mbili ndogo kwenye kipande cha mdomoni ili maji yasirudi ndani, kitu ambacho watengenezaji wa zamani hawakukiweka. Mabomba aliyavuta mbele ya dirisha, mkunjo kwa mkunjo, maana ufa wa mpira hujificha ndani ya mkunjo. Bomba lenye ufa alilikata vipande palepale, mtu mwingine asije akalitumia.

Kisha kila kipumulio alikwenda nacho majini mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, kwamba pumzi ya kwanza ni ya fundi. Akirudi amelowa, mama mkwe wangu Wassila alifunga uzi mwekundu kwenye mkanda wa kipumulio. Chenye uzi, mtu alikivaa bila kuuliza. Mume wangu Nejib, anayekata marijani kwenye mapango ya chini sana, alivipenda hivyo kwa sababu mapovu hutokea nyuma ya kichwa na hayamzibi macho.

Ndipo wakaja wageni wanaonunua vipumulio ili wavitundike sebuleni. Walitaka shaba ing'ae, na hadithi ya uzi waliipenda kuliko shaba. Mmoja alikataa kipumulio kizuri kwa kuwa hakikuwa na uzi. Baba mkwe akakifunga uzi mbele yake, hajalowa hata kidole. Mama mkwe alimfuata mumewe jikoni wakavutana. Alijibiwa kwamba kipumulio cha ukutani hakimzamishi mtu. Tangu siku hiyo mama akakataa kufunga uzi, kazi ikawa yangu.

Mabomba mapya yalikuwa yakichelewa kutoka ng'ambo. Baba mkwe akanipa kopo la dawa nyeusi ya viatu na kitambaa, nipake yale ya zamani.

"Baba, hili lina ufa hapa," nilisema.

"Nani atapumua sebuleni, binti yangu? Zulia?"

Nikacheka. Mpaka leo kicheko hicho kinaniuma. Nilicheka, nikapaka, nikafunga uzi. Ukuta wa karakana ukajaa, vya kweli na vya uongo bega kwa bega, vyote vinang'aa.

Nejib hakujua. Yeye alishinda baharini. Alikuwa akimtania baba yake, "Mzee, siku hizi hunuki chumvi. Umekuwa bwana wa ofisini?" Baba mkwe alisema masikio yanamuuma, hawezi kuzama. Nejib akamwonea huruma, akawa anampashia mafuta ya zeituni kila jioni na kumtilia masikioni, tone kwa tone. Nilikuwa nikishika taa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano kipumulio cha Nejib mwenyewe kilikwama springi. Baba mkwe alikuwa mkahawani na mnunuzi. Mimi nilikuwa uani, nakanda unga. Nejib aliniita kupitia dirishani, mtungi wa hewa tayari begani.

"Nachukua kimoja cha mzee. Kina uzi."

Nilimsikia vizuri. Nilijipa moyo kwamba ukutani vya kweli ni vingi kuliko vya uongo. Nikaona haya pia, nitamwumbuaje baba mkwe kwa mwanawe? Nikafungua mdomo, nikamwambia, "Rudi mapema."

Kule chini, mita sitini, bomba likafunguka kwenye mkunjo. Alivuta pumzi, yakaja maji. Mpiga mbizi wa kina kile anapaswa kupanda polepole, akisimama njiani, damu itoe hewa iliyoingia. Nejib alipanda moja kwa moja. Wenzake walipomvuta ndani ya boti, mikono na miguu ilikuwa haimtii. Hospitali ikamrudishia mikono. Miguu haikurudi.

Siku alipoletwa nyumbani aliomba kile kipumulio. Akalivuta bomba mkunjo kwa mkunjo, kama alivyofundishwa utotoni, na weusi wa dawa ya viatu ukabaki vidoleni mwake. Akamwita baba yake.

"Uzi huu alifunga nani?"

Fundi Lazhar alitazama sakafu. "Mkeo."

Nejib akanigeukia. "Mzee alikipumua?"

"Hapana."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Aliomba mkasi, akaniagiza nimletee vyote vilivyo ukutani. Akakata nyuzi zote na mabomba yote, ya kweli na ya uongo, maana hata aliyevitengeneza hakuweza tena kuvitofautisha. Baba mkwe alisimama mlangoni mpaka kilipokatwa cha mwisho.

Sasa karakana ina buibui. Wapiga mbizi wanampita fundi bandarini wakitazama upande wa pili. Mama mkwe hampelekei kahawa. Nejib huniambia lile la lazima tu: maji, mkate, nigeuze.

Funzo

Alama ya kazi njema ukiifunga mara moja juu ya kazi mbovu, umeichafua kila mahali ilipo, na atakayeiamini zaidi ni mtu wa nyumbani kwako. Usiseme kitu hiki ni cha mapambo tu. Hujui mkono gani utakifikia. Na wewe uliyeona ukanyamaza kwa heshima ya mkubwa, usijihesabu uko nje ya kosa. Mimi nilikuwa na nafasi ya neno moja pale dirishani. Nilimwambia arudi mapema, na kweli alirudi mapema.