Joto la Panya wa Friji

Panya aliyegandishwa tangu mwezi uliopita alipepesa jicho.

Waliaula alikuwa amemlowesha kwenye beseni la maji moto ayeyuke, kama alivyofanya kila Ijumaa mchana, maana panya hai humng'ata nyoka, na nyoka mwenye kidonda hawezi kupelekwa kuonyeshwa shuleni. Kufuga nyoka wa kuonyesha wanafunzi ndiyo iliyokuwa kazi yake pale mtaa wa Manyatta, Kisumu, na aliringa kwamba anaijua. Akajiambia ni mvuke tu. Akamshika panya kwa koleo refu, akahisi moyo mdogo ukidunda, na bado akamtupia chatu. Ubishi wa mtu huyu ungemshinda punda.

Chatu alimnyonga panya mpaka damu ikarukia kioo cha kizimba. Hakummeza. Chumba kikanuka tope la mtoni, na sakafu ilikuwa ya saruji kavu.

Chatu huyo alitoka Sondu, kando ya mto, kwa mjane mzee aitwaye Akello, aliyemkuta amejikunja mlangoni mwake mvua zilipoanza. Waliaula alipokuja kumchukua nyoka, Akello alimfuata hadi barabarani.

"Nyathina, mwanangu, huyo ni mgeni. Sisi tunampa kuku hai, halafu anaenda mwenyewe. Usimpe kitu imekufa."

Waliaula akacheka. Kwao Bungoma nyoka ni nyoka.

Ijumaa ya pili panya alirusha teke. Ya tatu, akalia. Na kila Ijumaa Nelima, mkewe, alizidi kuwa baridi, kwanza vidole, kisha miguu, mpaka akawa anakaa juani, Kisumu hii inayochemsha watu, amejifunika blanketi mbili na meno yanagongana.

"Baba Mark," alinong'ona, "hizo panya zinachukua joto yangu. Ukiziweka tu kwa maji, mimi naganda."

"Ni malaria."

"Nimepimwa, hakuna. Rudisha hiyo kitu kwao, tafadhali."

Waliaula alimpenda mkewe, na sasa aliogopa kweli. Akampigia Akello simu.

"Umempa nini?"

"Panya ya friji, mama."

"Yeye anataka kitu iko na pumzi. Ukimpa maiti, anaitafutia pumzi hapo kwako. Mlete leo leo. Na hata akufanye nini, usimpige."

Alikuwa akitafuta gunia wakati friji lilipoanza kutikisika, kucha zikakwaruza mfuniko kwa ndani, kumi, ishirini, na harufu ya tope ikamjaa kooni, na alipofungua chumba cha nyoka kioo kilikuwa kimevunjika na chatu akamrukia, akamzunguka mbavu, akakaza mpaka mfupa mmoja ukalia ndani yake, na mkono wake uliobaki huru ukalikuta panga ukutani, naye kwa hasira na woga akakata, akakata, akakata.

Chatu hakutoka damu hata tone. Aliyepiga yowe ni Nelima, sebuleni.

Alimkuta sakafuni, damu ikimbubujika mdomoni na puani, ngozi yake nzima bila mkwaruzo. Akafia mikononi mwake. Aliporudi kumtafuta chatu, alikuta panga tu. Waliaula alilia hadi sauti ikamkauka, akijilaani kwa kila panya aliyewahi kumyeyusha.

Daktari hakupata sababu ya kifo ya kuandika. Nelima akawekwa kwenye friji la mochari, kungoja kusafirishwa kwao Bungoma.

Ijumaa mchana simu ikaita. Alikuwa mhudumu wa mochari, akinong'ona.

"Mzee, kuja haraka. Tumetoa mama tumuoshe. Na maji moto. Amepepesa jicho."

Waliaula alikuwa amesimama uani, jua la saa saba likimchoma utosini, lakini meno yake yaligongana na vidole vilivyoshika simu vilikuwa vimekufa ganzi. Nyuma yake, kutoka jikoni, ilikuja harufu ya tope la mtoni.

"Mzee?" mhudumu aliita. "Anauliza chakula ya mgeni iko wapi."