Waliopigiliwa Misumari Ndani

Haya yalimpata dada yangu Lorene, wa tumbo moja. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, majani ya miti yamegeuka mekundu. Lorene alikuja kwangu na mkate wa mahindi ungali moto, tukakaa barazani tukinywa kahawa. Tangu astaafu ualimu, alikuwa akitafuta asili yetu. Alishafika kwa Hosea Stroud, babu wa babu yetu, aliyehamia vilima hivi vya Missouri na nyumbu wake baada ya vita vya Kaskazini na Kusini. Kaburi la Hosea tulilijua. La mkewe Delphia halikujulikana, wala makaburi ya watoto wao. Amos peke yake, baba yake babu, ndiye aliyekua.

"Wewe na wafu wako," nilimtania. "Sisi wazima umeshatumaliza?"

"Nyie wazima hamna jipya," akacheka. "Inuka, twende kwa Bibi Orpha."

Bibi Orpha Teague tulimkuta jikoni akimenya maharage. Ukoo wake ulipakana na wetu tangu enzi hizo. Aliposikia jina la Delphia, mikono yake ilisita.

"Waacheni, wajukuu zangu."

"Bibi, tunataka tu kuwawekea jiwe la kaburi."

"Kaburi gani? Hawakuzikwa."

Akatusimulia kwa sauti ya chini, macho yake mlangoni. Majira ya baridi, dondakoo, ule ugonjwa unaoziba koo, iliingia nyumbani kwa Hosea. Amos hakuwa ameugua bado. Hosea akamtoa nje, kisha akapigilia misumari mlango na madirisha. Delphia na watoto wengine wakabaki ndani, wangali hai.

"Babu yangu aliwasikia wakigonga, yeye yuko ng'ambo ya kijito," alisema Bibi Orpha. "Hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Nyumba ikaoza, ikawaangukia." Akamshika Lorene mkono. "Ukifika pale, usimwite mtu. Watadhani umekuja kuwafungulia."

Tulikwenda mchana huohuo, jua linawaka. Kilichobaki kilikuwa dohani la mawe la kutolea moshi, na magugu. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Lorene alisimama akilia kimyakimya, na kabla sijamzuia, akaita.

"Delphia! Sisi ni wajukuu zako!"



Halafu kitu kikagonga. Chini ya miguu yetu. Taratibu, kama mtu asiye na nguvu.

"Umesikia?" alininong'oneza.

Nilisikia. Nikamwambia sijasikia kitu. Nikamvuta mkono, tukakimbia.

Siku chache baadaye koo likaanza kumuuma. Daktari alimulika, akapima, akakuta koo safi. Lakini Lorene hakuweza kumeza hata mchuzi. Sauti ikakauka. Theluji ilipoanza, akawa haachi mlango wa nyumba yake ufungwe. Mumewe Thurman alifunga, yeye akafungua. Baridi ikajaa mpaka jikoni.

"Wanagonga," aliniambia kwa shida. "Wafungulie, mdogo wangu."

"Milango yote iko wazi, dada."

"Siyo hii."

Tulimleta mchungaji, akaomba na kuimba. Tulirudi pale kwenye dohani, mimi na Thurman na sururu. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Tulichimba mpaka viganja vikatoka damu. Hatukupata mfupa, hatukupata ubao. Tulipata udongo tu.

Mwishowe Lorene hakuweza hata kuinua kikombe. Alilala chali, kidole kimoja kikigonga ubavu wa kitanda. Taratibu. Asubuhi moja yenye jua kali, milango ikiwa wazi, kidole kikaacha kugonga.

Mama anayetayarisha maiti aliniita pembeni.

"Dada yako alikuwa akifanya kazi gani na mbao?"

"Hakuwa akitoka kitandani."

Akanionyesha mikono ya Lorene. Chini ya kila kucha palijaa vibanzi vya mbao, vyeusi kwa masizi, vimezama mpaka kwenye nyama. Mama yule alikuwa ameshika kibano.

Alivichomoa vyote mbele yangu, akamwosha, akamvalisha glavu nyeupe.

Watu walipokuja kuaga, ncha za glavu zilikuwa zimetoboka.