Swali la Mnarani

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mama alimuuliza Kasuku swali lile lile.

"Umelala?"

"Nimelala. Niko tayari," Kasuku alijibu, mkono kwenye paji la uso kama askari.

Kasuku alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Swali nalo lilitoka kazini kwa mama. Mama alikuwa mwongozaji wa ndege. Alikaa juu ya mnara wa kiwanja cha ndege, visikizi masikioni, macho kwenye rada, akiwaambia marubani nani ashuke na nani asubiri. Kila aliyeingia zamu aliulizwa na mkuu wa zamu kama amelala. Ukisema hujalala, unarudi nyumbani na mwenzako anaitwa. Hakuna anayekugombeza.

Kwa hiyo mama akiwa na zamu ya usiku, usingizi wake wa mchana ulilindwa kama yai. Pazia lilifungwa, redio ilizimwa, na bibi, ambaye kikohozi chake kilisikika hadi kwa jirani, alikwenda kukoholea uani.

Jumatatu moja mama alirudi alfajiri akiwa hoi. Siku hiyo darasa la sita lilikuwa na mtihani wa hesabu, na Kasuku alikuwa amemaliza wikendi nzima akiruka kamba. Akajikunja kitandani na kushika tumbo.

"Mama, tumbo linanikata."

Mama alikuwa ameshavua viatu. Akavivaa tena. Walikaa kwenye benchi la zahanati mpaka matako yakafa ganzi. Daktari alimbonyeza tumbo, na kila alipobonyeza, Kasuku aliguna. Hakuona kitu, akasema mtoto aangaliwe tu. Basi mama akakaa kando ya kitanda siku nzima, akimnywesha maji ya moto kwa kijiko. Kila kope zake ziliposhuka, Kasuku aliguna tena, asije akaonekana amepona.

Jioni mama alinawa uso kwa maji baridi akaondoka. Kasuku alimwona amekosea kufunga vifungo vya shati. Alijua ni kwa nini. Akajifunika shuka.

Kesho yake aliporudi kutoka shule alimkuta mama sebuleni, bado yumo ndani ya sare ya kazi. Bibi alikuwa amemshika mkono.

"Nusura niue watu, mwanangu," mama alisema.

Alieleza polepole. Ndege mbili zilikuwa zinakuja kutua, moja juu, nyingine chini yake. Mama akaiambia ya juu ishuke. Akaipa kimo kile kile alichokuwa ameipa ile ya chini, maana kwa muda ule ile ya chini ilikuwa imemtoka kabisa kichwani. Vifaa vya tahadhari vikalia ndani ya ndege zote mbili. Rubani mmoja akapanda kwa nguvu, mwingine akashuka, wakapishana karibu mno. Mhudumu mmoja alianguka akavunjika mkono. Wengine walitua salama.

"Niliwatazama abiria kwa darubini wakishuka," mama alisema. "Mmoja ni mtoto. Amebeba begi la shule kama lako."

Hapo mlango ukagongwa. Aliingia mkuu wa zamu, mzee mwembamba aliyemfundisha mama kazi tangu akiwa mwanagenzi. Alivua kofia, akakataa chai.

"Binti yangu, jana mchana ulilala kweli?"

"Mtoto aliumwa, mzee. Nilishinda naye."

Uso wa mzee ukafunguka. "Basi kesho nitaiambia hivyo kamati ya uchunguzi. Mtoto mgonjwa, mzazi gani hataelewa? Huenda wakakurudisha mnarani."

Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alitakiwa anyamaze tu, basi, na mama angerudi kwenye kazi aliyoipenda kuliko zote. Lakini aliviona vifungo vya shati la mama, bado vimefungwa vibaya.

"Sikuumwa," alisema. "Nilikuwa nakimbia mtihani."

"Kasuku wewe!" bibi alisema. Mama hakugomba. Alimtazama binti yake, na machozi yakamtoka taratibu. Kasuku alitamani achapwe.

"Usiwaambie mtoto aliumwa, mzee," mama alisema mwishowe.

"Lakini wewe ulidanganywa. Hukujua."

"Hilo sikujua. Kwamba sijalala nilijua. Uliponiuliza, nani alijibu amelala? Niliona haya kukusumbua utafute mtu mwingine."

Mzee alijifuta macho kwa kofia yake, akaaga.

Kamati haikumrudisha mama mnarani. Alipewa kazi chini, kwenye ofisi ya mizigo iliyopotea. Siku aliporudi na visikizi vyake ndani ya mfuko wa plastiki, Kasuku alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

"Nimekuharibia kazi, mama."

Mama alimkalisha karibu yake. "Wewe ulidanganya, nikakosa usingizi. Mimi nikadanganya, watu wakakaribia kufa. Kosa langu nitalibeba mwenyewe, wewe bado mtoto. Lakini nisikilize. Mimi nilikuamini wewe, mzee akaniamini mimi, na marubani wale wakaniamini bila hata kuniona. Ukisema uongo, hata mdogo, huwezi kujua utamfikia nani. Wako haukuishia kitandani kwako. Ila siku ile ulisema kweli wakati uongo ungetufaa, na hilo sitalisahau."

Kasuku alikwenda kwa mwalimu, akasema kweli, akafanya mtihani ule na kufeli. Karatasi aliileta nyumbani bila kuificha.

Lakini swali la asubuhi halikuulizwa tena. Chai ilinywewa kimya kimya, na Kasuku, ambaye zamani hakujua kunyamaza, alijifunza. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Ndipo asubuhi moja ndege ikapita juu ya nyumba. Zamani mama angesema inatoka wapi na inakwenda wapi. Safari hii aliendelea kumimina chai, mgongo kwa dirisha, mpaka mngurumo ukaisha.

"Umelala?" aliuliza, bila kugeuka.

Mkono wa Kasuku ulianza kupanda kwenye paji la uso. Akaushusha.

"Sijalala, mama."

"Hata mimi," mama alisema, akamsogezea kikombe.