Tetea wa Shingo Tupu

"Rajab! Kuku yako iko! Imezaa watoto mpaka uani hapatoshi!"

Mama Bakhit aliropoka hayo kwa furaha, hata salamu hazijaisha, mlangoni kwake Walukuba, mjini Jinja. Rajab akageuka haraka. Nyuma yake alikuwa amesimama Ramlah, mchumba wake kutoka Mbale, aliyeomba mwenyewe aletwe kuwashukuru watu waliompokea Rajab siku ya kwanza.

"Kuku gani, mama?" Ramlah akauliza kwa upole.

"Ile ya shingo tupu! Mwaka jana alitoka Mbale nayo, akatuachia, yeye akaenda kwao Tanga. Bakhit mtoto yangu alitaka tuchinje Idi. Nikamwambia wewe, haramu! Mali ya mgeni hailiwi. Mgeni anaenda, anarudi."

Uani tetea mwekundu alikuwa anaparura, vifaranga wakimfuata. Bawani alikuwa na kitambaa cha kijani kilichopauka. Ramlah alikitazama muda mrefu. Alikuwa amekichana kwa mkono wake kwenye gomesi, gauni kuukuu la bibi yake.

"Rajab," akasema, "huyu si ndiye kuku ya mama yako?"

Turudi nyuma kidogo, ujue aibu hii ilizaliwa wapi.

Mwaka 1996 Rajab alitoka Tanga na begi mgongoni na viatu vya kupandia milima, akaja Uganda kuona dunia. Bakhit, mfanyakazi wa kiwandani, alimkuta stendi ya Jinja akiulizia gesti.

"Gesti ya nini na nyumba iko?" Bakhit akasema, na begi akalichukua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rajab alikaa wiki nzima na hilo jembe hakulionja. Akaacha nusu ya mizigo yake hapo Walukuba, akaenda Mbale kupanda mlima. Mvua ikamkuta mtaa wa Nkoma, akajibanza barazani kwa watu. Mlango ukafunguka, akatokea bibi kizee.

"Mvua inakupiga na sisi tuko ndani tunakunywa chai? Ingia, mtoto."

Aliingia kwa ajili ya mvua, akakaa kwa ajili ya mjukuu. Ramlah aliuza kwenye duka la dawa mjini, na jioni alimwandalia mgeni malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga huku akimcheka anavyotafuna. Bibi aliyaona macho ya wale wawili. Siku ya kuondoka, akatoa kikapu chenye yule tetea.

"Huyu kuku sio ya njiani," akasema. "Peleka kwa mama yako. Mwambie iko nyumba Mbale inamsalimia. Akipokea, wewe rudi, tuongee mambo ya Ramlah."

Rajab akapokea kwa mikono miwili. Lakini kwenye gari la kwenda Jinja kuku akalia, vijana wa nyuma wakacheka. "Afande wa kuku!" Masikio yakamwaka. Alipofika Walukuba kuchukua mizigo yake, alikuwa ameshaamua.

"Mama Bakhit, huyu ni wenu."

Moyoni akajiambia watamla kesho, na yatakuwa yameisha.

Baada ya mwezi akapiga simu duka la dawa kutoka posta ya Tanga.

"Ramlah! Ni mimi!"

"Rajab! Kwanza niambie, mama alipokea kuku?"

Rajab akaisogeza simu karibu. Mdomo ukateleza.

"Alipokea kwa mikono miwili. Akalia kwa furaha."

"Alilia? Ngoja nimwambie bibi! Alilia kweli?"

"Kweli kabisa. Na kuku sasa anataga."

Mama yake hakuwa na habari ya kuku wala ya Ramlah. Jioni hiyo Nkoma nzima ilipiga vigelegele kwa machozi ya mama ambaye hakulia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Rajab ilimrudisha Mbale mwaka uliofuata, hadi kupangiwa siku ya posa.

Sasa turudi uani kwa Mama Bakhit. Mama wa watu alishajua ameharibu jambo, akaingia ndani kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Ramlah, nisikilize."

"Nasikiliza. Ulikuwa mgonjwa? Askari wa mpaka walikataa?"

"Hapana. Niliona haya. Watu ndani ya gari walinicheka."

"Hao watu, jina moja unamjua?"

"Hapana."

"Bibi yangu unamjua jina?"

Rajab akainamisha kichwa. Angetoa chochote siku ile irudi, akae na kuku mapajani mpaka Tanga, acheke nao.

"Kuku ingepotea, ningekusamehe," Ramlah akasema, machozi yakimtoka. "Lakini nilikuuliza mama alilia, ukasema kweli kabisa. Nilimpenda mama yako kwa hayo machozi, Rajab. Nilikuwa nalala nayawaza."

"Nitarekebisha. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Hiyo ndiyo inaniua."

Ramlah akamshika tetea, akaomba boksi la vifaranga, akamshukuru Mama Bakhit kwa kupiga magoti. Akarudi Mbale peke yake.

Rajab alipofika Tanga alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Yaani kuna nyumba imeniletea salamu, na wewe ukazibwaga njiani?"

"Nisamehe, mama."

"Sasa nalia kweli. Furahi, uongo wako umetimia." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nitafutie tetea. Twende."

Mama alimpakata kuku ndani ya kikapu safari nzima, Tanga mpaka Mbale. Hakuna aliyecheka. Abiria mmoja hata alimnywesha kuku maji kwa kifuniko cha chupa. Rajab akageuzia uso dirishani ili mama asimwone.

Nkoma walipokelewa kama wafalme. Bibi alimpokea kuku kwa mikono miwili, akamkumbatia mama. Mkeka ukatandikwa, matoke yakaja, malewa yakaja. Ramlah akapiga magoti kuwanawisha mikono.

"Karibu, mama. Karibu, mgeni."

Mgeni. Rajab akaurudisha mkono kabla maji hayajamfikia.

Mama akajikaza. "Mwenzangu, nimekuja kuomba radhi, na kuomba binti."

Bibi akamshika mkono. "Radhi umepata. Wewe hauna kosa hata kidogo. Lakini kuku ya mtoto wetu ilitoka, haikufika, ikarudi mlangoni. Kwetu ikirudi, haitoki tena. Na mtoto mwenyewe nimemuuliza."

Wote wakamtazama Ramlah.

"Hapa nyumbani kwenu, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mvua ikiwapata Mbale, msijibanze nje. Lakini kuolewa, hapana. Kila akiniambia kitu, nitakuwa natafuta kuku iko wapi."

Kesho yake waliwasindikiza hadi barabarani, ukoo mzima, mabegi yamebebwa na wengine. Gari lilipowaka, Ramlah akapitisha kikapu cha mama dirishani. Macho yake yalikutana na ya Rajab, akayaondoa yeye kwanza.

Walipouacha mji, mama akafunua kikapu. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, kikakaushwa juani.

"Rajab," akasema, "tangu nizaliwe sijarudishiwa chombo kitupu."

Rajab akakichukua, akakipakata mapajani hadi Tanga.